WANAWAKE WA UTAMARO NA MAJINA YALIYOFUTWA

Watu wengi wakitazama picha za kale za Kijapani za wanawake waliovaa kimono hudhani kwamba nyuso zote ni moja: macho membamba, kinywa kidogo, shingo ndefu. Yafaa kutazama mara ya pili, hasa picha za Kitagawa Utamaro, aliyekaa katika mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, akafa mwaka 1806.

Picha hizi zilipigwa chapa. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Fundi wa pili akaibandika juu ya kibao na kuchonga kwa kufuata mistari. Wa tatu akapiga chapa, kila rangi na kibao chake. Basi zilitoka nyingi, na watu wa kawaida waliweza kuzinunua.

Yapata mwaka 1793 Utamaro alitoa picha ya wanawake watatu mashuhuri wa mji ule. Katikati yupo Toyohina, mwimbaji na mpigaji wa ala. Pembeni wapo Okita na Ohisa, wasichana wasiofika miaka 20. Okita alikuwa mhudumu wa duka la chai huko Asakusa, na Ohisa alikuwa binti wa mwenye duka. Hawakuwa mabibi wa majumba makubwa, walakini majina yao yaliandikwa juu ya picha, na kila mtu aliyasoma.

Serikali haikupendezwa. Mwaka 1793 ilikataza kuandika majina ya wanawake katika picha, isipokuwa wale wa Yoshiwara, mtaa wa starehe. Kibao cha picha ile kikapunguzwa majina, kikapigwa chapa tena. Mimi naona amri hii ilikuwa ya ajabu. Wengi wa wanawake wa Yoshiwara waliuzwa huko na wazazi maskini wangali watoto, nao waliruhusiwa kutajwa kama bidhaa. Lakini msichana aliyeandaa chai kwa kazi halali alinyimwa jina lake! Tukizisifu kimono za Yoshiwara, tusisahau waliozivaa.

Utamaro hakukubali kushindwa upesi, akatia vitendawili. Katika pembe ya picha moja ya Okita mna mafungu mawili ya mboga, mshale, bahari na shamba la mpunga. Mjapani akitamka vitu hivyo kwa mfuatano hupata na-ni-wa, ya, o-ki, ta, yaani Naniwaya Okita: jina la duka na la msichana mwenyewe. Mwaka 1796 vitendawili navyo vikakatazwa. Mwaka 1804 Utamaro aliadhibiwa kwa sababu ya picha za Hideyoshi, mtawala wa zamani, akafungwa pingu siku 50. Miaka miwili baadaye akafa.

Chapa za kwanza za picha ile ya watatu zingaliko, na majina yote matatu yasomeka.