Somo la Robo Hii: Mwili Nao Hukumbuka



Kojani, mashariki mwa Pemba, ni kisiwa cha wavuvi. Wanaume huenda dago mbali na nyumbani, na bahari ndiyo shamba lao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, iliyojaza abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 iliopolewa. Mamia ya wengine hawakuonekana tena.

Tukisikia msiba kama huu, sisi wa miradi huandika bajeti ya boti na nyavu. Ni vyema. Lakini mtu ambaye moyo humwenda mbio kila chombo kinapolala upande, boti mpya itamfaa nini?

Kiwewe ni nini?
Hatari inapokuja, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa mwenye kiwewe hautulii. Akili inajua yuko nchi kavu, mwili bado uko majini. Ndiyo maana kumwambia "sahau" hakumsaidii.

Njia ya mwili na akili
Daktari wa akili Mmarekani James Gordon alianzisha kituo chake Washington mwaka 1991. Hufundisha vikundi vidogo kupumua kwa tumbo, kutikisa mwili, kuchora na kusikilizana. Utafiti uliochapishwa 2008 ulihusu vijana 82 wa Kosovo waliopitia vita. Walimu wao wenyewe waliongoza vikundi, na dalili zilipungua.

Karibu nasi, utafiti wa 2020 wa Moshi na Bungoma ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi. Tiba yake ilikuwa ya namna nyingine, lakini nayo ilikuwa na mazoezi ya kutuliza mwili, na viongozi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Mwanzoni nafuu ilionekana sehemu tatu kati ya nne. Baada ya mwaka tofauti ilibaki Bungoma tu. Basi tusiwaahidi wafadhili miujiza.

Zoezi
Keti, nyayo chini. Vuta pumzi kwa pua, tumbo liinuke. Itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Endelea dakika tano. Anayezidiwa na hofu aache, afumbue macho, ataje vitu anavyoviona.

Tahadhari
Tusimlazimishe mtu kusimulia. Asiyelala, asiyekula au anayetaka kufa apelekwe hospitali. Na Kojani ni kisiwa cha Waislamu: tuingie kwa idhini ya sheha, tushirikiane na walimu wa madrasa. Kidonda cha mtu kisiwe mlango wa kumvutia kwenye dini yetu. Tukifanya hivyo, tutapoteza imani yao, nayo ndiyo dawa ya kwanza.

Tukumbuke Eliya (1 Wafalme 19). Alipoomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji.

Maswali ya kujadili
1. Katika mtaa wetu, nani amebeba msiba ambao mwili haujausahau?
2. Nani anaaminika hata afunzwe kuongoza kikundi?
3. Katika bajeti ijayo, kando ya boti na nyavu, tumetenga nini kwa ajili ya mvuvi mwenyewe?