Tuisomeje Picha Isiyokamilika?

Leo tunajifunza jambo linalodhaniwa ni la wasanii peke yao: namna ya kutafsiri mchoro wa ajabu, hasa ule ambao mchoraji wake hakuumaliza. Mchoro wa namna hiyo una ugumu wa aina mbili. Kwanza, unaonyesha mambo kama ya ndotoni. Pili, una sehemu tupu, na mtazamaji hushawishika kuijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Tuanze na ugumu wa kwanza.

1. Tujue lugha ya mchoraji

George Lilanga (1934–2005), msanii wa Kimakonde, alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Sista Jean Pruitt wa Maryknoll alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Jina la Maryknoll si geni kwetu, kwani mapadre wake walifika Musoma mwaka 1946. Katika picha za Lilanga tunaona viumbe wenye masikio makubwa, macho yaliyotokeza na vidole vichache. Wenyewe huitwa mashetani.

Mwamini akisikia jina hilo anaweza kusema, "Hii ni picha ya Ibilisi, itoeni nyumbani." Lakini katika sanaa ya Wamakonde, shetani si yule adui tunayemkataa tunaporudia ahadi za ubatizo. Ni viumbe wa masimulizi, wengine wabaya, wengine wachekeshaji tu. Lilanga aliwachora wakipiga soga, wakicheza na kufanya kazi kama majirani zetu. Hatulazimiki kuipenda picha hiyo. Tunalazimika kujua inasema nini kabla ya kuihukumu.

2. Tuheshimu sehemu tupu

Kwa ugumu wa pili, twende mbali kidogo. Mwaka 1481 watawa Waagustino wa San Donato a Scopeto, karibu na Florence, Italia, walimwagiza Leonardo da Vinci awachoree Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu. Baadaye Leonardo alihamia Milan, akauacha mchoro haujakamilika. Watawa walipata mwingine kutoka kwa Filippino Lippi mwaka 1496. Ule wa Leonardo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uffizi.

Tunaona nini? Katikati yupo Bikira Maria na Mtoto, karibu bila rangi. Wanaume wamepiga magoti kuwazunguka, na nyuso nyingine zinatokeza kwenye giza la kahawia. Nyuma kuna magofu yenye ngazi, na wapanda farasi wanaopigana. Anayetafuta hori la Bethlehemu atashangaa.

Hapa tutenganishe mambo matatu: kilichochorwa, kinachodhaniwa kwa sababu, na kinachobuniwa. Magofu yamechorwa, hilo halina ubishi. Kwamba magofu ni ulimwengu wa kale unaopita Kristo anapozaliwa, hiyo ni dhana yenye sababu, kwa kuwa wachoraji wengine wa zama zile walitumia magofu hivyo. Lakini mtu akisema Maria hana rangi kwa sababu Leonardo hakuwa na imani, huyo amebuni. Na anayesema ameachwa hivyo makusudi ili kuonyesha usafi wake amebuni vilevile, ingawa maneno yake ni matamu. Karibu mchoro wote umeishia kwenye hatua za mwanzo, si Maria peke yake. Sehemu tupu inatuambia kwamba kazi haikuisha. Tusiilazimishe kusema zaidi ya hapo.

3. Kutoka kwenye picha hadi kwenye Neno na jirani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 12 (1965), unatufundisha kutafuta alichokusudia mwandishi mtakatifu, tukizingatia aina ya uandishi alioutumia. Katika sura ya tano ya Ufunuo wa Yohane tunakutana na Mwanakondoo mwenye pembe saba na macho saba. Anayesoma bila kujua lugha ya maono atatishika, au atatishia wengine.

Na kutafsiri vibaya kunaweza kuua. Hapa Kanda ya Ziwa, bibi zetu wameuawa kwa sababu mtu aliona macho mekundu akatafsiri "mchawi". Kilichoonekana kilikuwa macho mekundu tu. Miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa kuni ingetosha kuyaeleza. Mengine yote yalijazwa na hofu, na pengine na mganga aliyelipwa. Ndiyo maana frateri anayejifunza kusema "hapa sijui" mbele ya mchoro anajiandaa kulinda uhai parokiani.

4. Tukubali kusahihishwa

Neno letu "tafsiri" lina maana mbili: kueleza maana, na kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caezar, mwaka 1963. Kisha akairudia, ikatoka upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Rais wa nchi hakuona aibu kurekebisha kazi yake. Nasi tuseme maana tuliyoiona, tutoe sababu, kisha tuwe tayari kumsikiliza aliyeona vizuri zaidi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Chagueni picha moja iliyopo kanisani kwenu, Musoma, Bunda au Butiama. Kila mmoja ataje anachokiona kabla ya kueleza maana yake. Je, mnaona sawa?
2. Ni ishara gani katika kijiji au mtaa wenu ambayo watu huitafsiri haraka, na nani huumia?
3. Mzee wa jumuiya akiitwa mchawi kesho asubuhi, ni nani kati yenu atakwenda kukaa naye?