Wanachora, Hawasemi

Mwalimu wa Darasa la Nne,

Unasema watoto wako 78 wanachora grafu za mihimili mpaka raha, lakini ukiuliza, "Grafu hii inatuambia nini?" darasa zima linatazama chini utadhani umeuliza nani kavunja dirisha. Umehitimisha kwamba ni wazito, tena bila kompyuta huwezi kitu. Yote mawili nayakataa.

Zile takwimu ulizitoa wapi? Umeandika mwenyewe: Juma machungwa 5, Asha 8, Neema 3. Mwalimu wangu, huyo Juma nani anamjua? Mtoto aseme nini juu ya machungwa ambayo hakuna aliyeyaonja? Akili anayo, hakuwa na swali.

Mwisho wa barua umegusia, kama jambo la pembeni, kwamba utoro unakunyima usingizi. Basi swali ndilo hilo. Chukua daftari la mahudhurio la mwezi uliopita, na kabla ya kulifungua waulize: siku gani wenzetu hukosekana zaidi? Waache wabishane. Kisha kila kundi lipe siku yake: wahesabu kwa vijiti, cha tano kikikatiza vinne, halafu wapange visoda sakafuni, kisoda kimoja kwa kila aliyekosekana. Kundi likichanganya na mawe, nyamaza kwanza. Mawe 5 makubwa yatafanya safu ndefu kuliko visoda 7, na wenzao hawatawaacha salama.

Tuseme safu ya Alhamisi, siku ya gulio, imezidi zote. Watapiga kelele, "Wameenda gulioni!" Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Waulize: visoda vimesema hivyo? Visoda vinasema wangapi na lini. Havisemi kwa nini. Tena, mwezi huo ulikuwa na Alhamisi ngapi? Zikiwa 5 na Jumatatu 4, safu mbili hizo hazikuanza sawa.

Ila angalia usiwaumize. Hesabu siku, usisome majina. Ukimsimamisha mtoto aeleze kwa nini hakuja, atasema malaria, kumbe sare yake ilikuwa moja na haikukauka. Waandike sababu kwenye vikaratasi visivyo na majina. Hata makarani wa Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, walikula kiapo cha kutunza siri. Mtu husema kweli akijua hataaibishwa, na takwimu za uongo hazinyooshwi na rula.

Najua unamhofia mthibiti ubora, asije akakuta kelele na visoda sakafuni. Wakimaliza, wachore grafu daftarini, na chini yake kila mmoja aandike sentensi tatu: tunachokiona, tunachodhani, tunachotaka kujua bado. Akifika, mpe madaftari asome. Sentensi za mwanzo zitakuwa fupi na zenye makosa, usizikatie tamaa.

Jambo moja jiandae nalo mapema. Huenda wakagundua kwamba siku inayoongoza kwa utoro si ya gulio, bali ni ile yenye vipindi viwili vya Hisabati mfululizo. Wakikuonyesha safu hiyo, usitafute fimbo, Mwalimu. Watakuwa wamejifunza kusoma grafu, na zamu ya kuandika zile sentensi tatu itakuwa yako.