Jifunze Kuelea Kabla ya Kukata Tiketi ya Pwani

Wadogo zangu wa Kuluba, Koboko mjini na Arua, leo nataka tuongee habari za bahari, maana swali hili mmekuwa mkinirushia kila likizo inapokaribia: sisi watu wa bara, ambao wengi wetu hatujui kuogelea, tunaweza kweli kwenda kisiwani tukatazama samaki na matumbawe chini ya maji kwa macho yetu wenyewe? Mnaweza, wadogo zangu. Anayewaambia kwamba hayo ni mambo ya wazungu msimsikilize. Bahari ya Hindi ni ya Afrika Mashariki, na ninyi ni wana wa Afrika Mashariki.

Sharti langu ni moja tu, nalo silegezi: usikate tiketi kabla hujajua kuelea.

Kwetu West Nile tumelelewa kuyaogopa maji, na wazee hawakukosea. Nile ina mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotulia kando ya mto kuna kichocho. Kwa hiyo usije ukaenda kujifunzia mtoni. Arua zipo hoteli zenye bwawa la kuogelea. Lipeni kiingilio, mtafute anayejua kufundisha, mwende wawili au watatu ili mtazamane. Hujifunzi ili ushindane na mtu. Unachohitaji ni kulala chali juu ya maji mwili ukiwa umelegea, kutia uso majini huku ukitoa pumzi polepole, na kurudi kusimama bila kutapatapa. Mwenye hofu hukaza shingo na kuinua kichwa, na papo hapo miguu inazama. Laza kichwa mpaka masikio yaingie majini, utaona kifua kinapanda chenyewe. Ukishaweza hayo, hata jaketi la kuokolea utalivaa kwa amani, kwa sababu utaliacha likubebe badala ya kupigana nalo.

Wengine mnaniuliza habari ya mavazi. Binti anayejistiri ataingiaje baharini? Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuna mradi unaoitwa Panje uliofundisha wasichana wa kijijini kuogelea wakiwa na vazi la kuogelea linalofunika kichwa, mikono na miguu. Hao ni mabinti waliokulia ufukweni, kwenye vijiji vya wavuvi, na bado kuogelea kulikuwa mambo ya kaka zao. Basi kama binti wa Nungwi amehitaji kufundishwa, wewe wa Kuluba huna sababu ya kuona haya. Vazi refu lina faida nyingine pia: linakukinga na jua la mchana na michubuko ya miamba. Epuka tu baibui pana na kanga, kwa kuwa vikilowa vinakuwa vizito na vinanasa miguu.

Sasa, uende wapi? Tazama kwanza karatasi ulizonazo. Mwenye kitambulisho cha taifa peke yake na aende Kenya, kwani Mganda anaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho hicho. Tanzania utahitaji pasipoti. Kokote uendako beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ya kweli, iliyotolewa baada ya kuchanjwa. Uganda imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na mpakani huulizia kadi hiyo.

Kwa safari ya kwanza mimi nawashauri Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Kutoka Arua hadi Kampala ni kama kilomita 500 za basi, mnavuka Nile pale Pakwach na tena Karuma. Kisha basi la Nairobi, kisha treni ya Mombasa, halafu kivuko cha Likoni na matatu. Ni mbali na mgongo utauma, sikudanganyi. Gawa safari, ulale Kampala, ulale Nairobi. Mbele ya Shimoni kuna kisiwa cha Wasini, na ng'ambo yake hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambayo imelindwa tangu miaka ya 1970. Getini uliza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki, na kitambulisho kiwe mkononi.

Kabla ya kupanda mashua, ongea na nahodha. Muulize majaketi yako wapi, na uyaone kwa macho. Muulize anafunga mashua kwenye boya au anatupa nanga, kwa sababu nanga moja juu ya mwamba huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Halafu uliza habari za mwezi na maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja na bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu na mkondo unakuwa mkali; mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yametulia, na asiyejua kuogelea anafaa aende siku hizo. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa safi, na kwa bahati inaangukia likizo yetu ndefu ya shule. Masika ya Aprili na Mei yaacheni. Mvua inatia tope na huoni kitu.

Miwani ya kuzamia ndiyo inayowaharibia wengi siku. Ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua: ikiganda, inakutosha, ikidondoka, omba nyingine. Kisha pitisha kidole pande zote za ule mpira. Unywele mmoja wa msuko au ncha ya ushungi ikibaki chini yake, maji yanaingia, unapaliwa na chumvi, hofu inapanda, na hapo ndipo watu hudai kurudishwa mashuani. Tema mate kidogo ndani ya kioo, sugua, suuza. Mate yanazuia ukungu.

Na ukishatia uso majini, tulia kabisa. Usipige mateke. Utaanza kusikia kitu kinatafunwa: ni pono, samaki wa kijani na buluu mwenye mdomo mgumu, anakwangua mwamba kutafuta chakula. Anameza na vipande vya mwamba, anavisaga kwa meno yaliyo kooni, kisha anavitoa nyuma vikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoupigia picha imetoka kwa samaki huyo. Mimi kila nikimwona nafurahi upya.

Matumbawe yenyewe ni wanyama, wadogo mno, wanaoishi kwa makundi na kulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo ulio ndani ya miili yao. Maji yakizidi joto wanautoa mwani huo na kubaki weupe kama chokaa, na joto likiendelea wanakufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa hivyo. Kwa hiyo nawaomba sana: msisimame juu yake, hata mkichoka. Shikilia boya au mkono wa kiongozi. Kasa akipita, mtazame apite. Nahodha akianza kuwafukuza pomboo kwa injini, mwambieni aache. Fedha ni zenu, na mna haki ya kusema.

Wenye pasipoti na akiba nzuri, kule Tanzania kipo kisiwa cha Chumbe karibu na Mji Mkongwe wa Unguja, hifadhi tangu 1994, ambako wavuvi wa zamani waligeuka walinzi wa mwamba. Kipo kisiwa cha Mafia, na papa potwe wake wa miezi ya Oktoba hadi Februari, samaki mrefu kuliko gari, anayekula hasa vijidudu vya majini. Kisiwani Pemba kuna hoteli yenye chumba ambacho madirisha yake yako mita 4 chini ya maji. Bei yake si ya mwalimu wala mwenye duka, nawatajia mjue kipo.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa ni jambo jingine. Mwenye pumu amwone daktari kwanza, mjamzito asizamie. Kule chini usibane pumzi hata kidogo. Na ukishazamia, ngoja walau saa 18, bora siku nzima, kabla ya kupanda ndege. Hewa iliyoyeyuka mwilini inahitaji muda wa kutoka.

Mmoja wenu aliniuliza afanye nini na mama yake, anayetaka kwenda lakini hataki hata kulowesha mguu. Nenda naye Wasini, mdogo wangu. Kina mama wa kisiwa kile wana njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko na miamba ya matumbawe ya kale ambayo bahari iliiacha nje. Mama atatembea juu ya mbao, viatu vikavu, wewe ukiwa Kisite majini. Kiingilio mnawalipa wao wenyewe kina mama pale mlangoni.