Je, mtu mmoja aweza kujifunza lugha nyingi?

Mwalimu mmoja wa kanisa alinijia akiwa na barua ya kuhamishwa. Akasema, “Baba mchungaji, mimi nazijua lugha mbili, ya mama yangu na Kiswahili. Sasa natumwa kwa watu wa lugha ya tatu, na umri wangu umepita miaka 30. Je, kichwa hakijai?” Swali hili ni la wengi, basi na tulitazame kwa utaratibu.

1. Kichwa si kibaba

Kibaba kikijaa, nafaka humwagika. Kichwa sivyo kilivyo. Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, alizaliwa mwaka 1774 Giuseppe Mezzofanti, mwana wa seremala. Akawa padre, na mwaka 1838 akafanywa kardinali. Wakati wa vita vya Napoleon askari wa mataifa mengi walilazwa hospitalini mjini humo, nao wagonjwa hawakuwa na mtu wa kusema naye. Mezzofanti akakaa vitandani pao. Humwomba mgonjwa aseme sala na amri anazozijua tangu utoto, naye akasikiliza mara nyingi, hata akaipata sauti ya lugha na mpango wa maneno yake.

Alikufa mwaka 1849. Charles William Russell, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1858, alizihesabu lugha 72. Walakini hakuziweka zote katika daraja moja. Zile alizozisema vizuri sana, na watu wakamjaribu nazo, zilikuwa 30. Na 14 alizisoma vitabuni tu. Basi, hata mtu huyu hakuzijua zote sawasawa.

2. Je, ni kipawa au ni kazi?

Wengine husema, “Watu hao walizaliwa hivyo.” Emil Krebs, mfasiri wa Kijerumani aliyekaa Peking, alijifunza lugha zaidi ya 60. Alipokufa mwaka 1930 ubongo wake ulihifadhiwa, na mwaka 2004 wataalamu walionyesha ya kuwa sehemu yake ihusuyo usemi haikufanana na ya watu wengine. Lakini jambo hilo halisemi kama alizaliwa nayo hivyo, au ilifanyika hivyo kwa kazi ya miaka mingi.

Mfano wa tatu u karibu nasi. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Ujerumani, alizaliwa mwaka 1810. Alikuwa amekwisha kujifunza Kiamhara na lugha ya Waoromo huko Ethiopia kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844. Miezi miwili tu baada ya kufika, mkewe na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa. Yeye hakuiacha kazi. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, pamoja na kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Hii ndiyo kazi ya mtu aliyeandika neno baada ya neno, siku baada ya siku. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Lugha ndugu na lugha ngeni

Sisi tuna msaada ambao Krapf hakuzaliwa nao. Mswahili asema mtu, Mchaga mndu, Mnyakyusa umundu, Mhaya omuntu. Ni dada wa nyumba moja. Ajuaye mmoja amekwisha kupata nusu ya njia ya kumjua mwingine. Ila ajihadhari, kwa maana dada wafananao huchanganywa, na neno lililo jema huku laweza kuwa tusi kule. Lakini Mmasai asema oltungani. Hapo hapana udugu, na mwanafunzi hana budi kuanza chini kabisa, kama mtoto.

4. Hasara ya kutojua

Mwaka wa kwanza wa uchungaji wangu nilikaa kati ya watu wasio wa kabila langu. Nilisema nao Kiswahili, na kijana mmoja akanifasiria maneno ya wazee. Siku moja niliitwa kwa bibi mzee aliyekuwa karibu kufa. Bibi akasema maneno mengi, akinishika mkono. Kijana akaniambia, “Asema anaumwa.” Nikamwombea, nikaenda zangu. Usiku ule akafa.

Baada ya maziko binti yake akaniuliza, “Mbona hukumwita mjomba wangu?” Ndipo nilipofahamu. Bibi yule alikuwa amekosana na nduguye kwa ajili ya shamba miaka mingi, naye aliniomba nimwite wapatane. Kijana aliona haya kuyataja mambo ya ugomvi wa jamaa mbele ya mgeni. Sikuwa na neno la kumjibu binti. Nilimwomba anifundishe lugha ya mama yake, naye, kwa wema wake, akakubali.

5. Jibu

Basi nalimjibu mwalimu yule hivi: Ndiyo, mtu mmoja aweza, lakini jiulize kwanza waitaka lugha kwa kazi gani. Ya sokoni yapatikana kwa miezi michache. Ya kumfariji afaye yataka miaka. Keti na watoto na wakina mama wazee, maana hao hawachoki kukurudia neno. Andika maneno kumi kila siku, uyatumie kesho yake. Wakikucheka, cheka nao. Wala usiiache lugha ya kwanza ilale bila kusemwa, kwa kuwa lugha isiyotumiwa huota kutu kama jembe.

Maswali kwa waalimu: (1) Ni nani katika mtaa wako asemaye nawe kwa kinywa cha mwingine tu? (2) Ni neno gani la lugha yake ulilojifunza juma hili?