Kati ya Malisho na Mkataba: Utafiti wa Bima ya Mifugo Marsabit na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili utafiti wa kiuchumi uliozaa bima ya mifugo katika eneo la Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwa kuuangalia kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi. Hoja kuu ni kwamba istilahi tunazotumia kuzungumzia ukame, njaa na bima huamua mfugaji ataelewa nini na atatarajia nini. Pale istilahi inapopotosha, hasara haiishii darasani bali hufika hadi chunguni.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akisikia neno 'uchumi' huelekea kudhani kuwa hapo hapamhusu. Dhana hii haina mashiko. Mwanauchumi anayechunguza njaa huchunguza pia ahadi, mikataba na majina ya vitu, na hayo yote ni mambo ya lugha. Makala haya yataanza kwa kueleza kwa ufupi nadharia ya Amartya Sen kuhusu njaa, kisha yataangalia utafiti wa Marsabit, na hatimaye yatachambua istilahi nne: njaa, usalama wa chakula, mabadiliko ya hali ya hewa, na fahirisi.

2.0 Njaa kwa Mtazamo wa Mwanauchumi

Mwaka 1981 Sen, mwanauchumi mzaliwa wa India ambaye baadaye (1998) alituzwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha kitabu kuhusu umaskini na baa la njaa. Alichunguza, miongoni mwa mengine, njaa ya Bengal ya mwaka 1943 na ile ya Ethiopia ya miaka ya 1972 hadi 1974. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wanaweza kufa njaa hata pale ambapo chakula kipo. Linaloamua ni uwezo wa mtu kukipata chakula hicho kwa njia zinazokubalika: kukilima, kukinunua, kulipwa kwa kazi yake au kupewa na wenziwe.

Kwa mfugaji hoja hii ni nzito mno. Mfugaji hali nyama na maziwa tu. Huuza mnyama akanunua nafaka. Ukame unapokuja, mifugo hukonda na kila mtu hukimbilia kuuza. Bei ya mnyama huporomoka. Wakati uo huo bei ya nafaka hupanda. Mbuzi aliyenunua gunia jana leo hanunui hata nusu yake. Basi mfugaji hupigwa mara mbili: kwa kufa kwa mifugo na kwa kushuka thamani kwa ile iliyobaki.

3.0 Utafiti wa Marsabit

Jamii za wafugaji zilikuwa na kinga zao tangu jadi. Waborana, kwa mfano, wana desturi iitwayo busa gonofa, ambapo jamaa na majirani humchangia mifugo aliyepoteza wake ili aanze upya. Hata hivyo, desturi ya namna hii hufaa zaidi pale balaa linapompata mmoja au wachache. Ukame huwapiga wote kwa pamoja. Yule ambaye angechangia naye huwa anahitaji kuchangiwa.

Hapa ndipo Andrew Mude, mwanauchumi Mkenya aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipoingia. Akiwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi, yeye na wenzake walibuni bima iliyoanza kuuzwa Marsabit Januari 2010. Kwa kazi hiyo alitunukiwa mwaka 2016 tuzo ya utafiti wa nyanjani inayobeba jina la Norman Borlaug.

Ugumu waliokabiliana nao ulikuwa wazi. Kampuni ya bima haiwezi kumtuma mkaguzi jangwani kila ngamia anapokufa, kwa kuwa gharama ya safari ingezidi thamani ya ngamia mwenyewe. Watafiti wakageukia setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa mimea ardhini, na kutokana na kipimo hicho hukadiriwa hali ya malisho katika eneo zima. Malisho yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa bila mtu yeyote kuhesabu mizoga.

Tutoe mfano wa kubuni unaofuata kanuni za mkataba wa mwanzo. Mifugo yote ilipimwa kwa kizio kimoja: ng'ombe mmoja ni kizio 1, ngamia mmoja ni vizio 1.4, na mbuzi au kondoo 10 ni kizio 1. Mfugaji mwenye ngamia 2, ng'ombe 4 na mbuzi 12 ana vizio 2.8, 4 na 1.2, yaani vizio 8. Kizio kikithaminiwa shilingi 15,000, mali yake ni shilingi 120,000. Malipo yalianza pale makadirio ya vifo yalipozidi asilimia 15. Makadirio yakiwa asilimia 25, mfugaji hulipwa ile asilimia 10 iliyozidi, yaani shilingi 12,000.

Tazama sasa lifuatalo. Mfugaji huyu hulipwa shilingi 12,000 hata kama hakupoteza mnyama hata mmoja. Kwa upande mwingine, jirani yake ambaye ngamia wake wamekufa kwa maradhi katika msimu wa mvua nzuri halipwi hata senti. Bima hii haimjui ngamia. Inayajua malisho.

Baadaye mkataba ulirekebishwa ili malipo yatoke mapema, mnyama angali hai, ndipo mfugaji anunue lishe na maji badala ya kungoja mizoga. Wahenga walitwambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo ndio uchumi wa marekebisho haya. Uchunguzi wa kaya zilizolipwa baada ya ukame wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa zile zenye uwezo zaidi zilipunguza kuuza mifugo kwa dhiki, na zile maskini zikapunguza kukatisha milo.

Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mpango wake mwaka 2015, ikianza na Turkana na Wajir, na kuwalipia wafugaji waliochaguliwa bima ya vizio 5 kila kaya. Mnamo Februari 2017 zilitangazwa malipo ya shilingi milioni 214 kwa zaidi ya kaya 12,000 katika kaunti sita. Ukigawa, ni chini ya shilingi 18,000 kwa kaya. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu, lakini kinaweza kununua lishe ya kumvusha ng'ombe hadi mvua ijayo.

4.0 Istilahi na Athari Zake

4.1 Njaa

Kiswahili hutumia neno 'njaa' kwa hali ya mtu aliyechelewa chakula cha mchana, kwa kaya inayolala bila kula mwezi mzima, na kwa nchi inayozika watu. Tunalo 'baa la njaa' kwa hali ya mwisho, lakini katika habari na hotuba mara nyingi hubaki 'njaa' tu. Aidha, tunazoea kusema 'ukame umeleta njaa', kana kwamba kati ya mvua na sufuria hapana soko, barabara wala sera. Sen alitufundisha kuchunguza palepale katikati. Kusema 'ukame umeshusha bei ya mbuzi' ni kusema jambo linaloweza kushughulikiwa.

4.2 Usalama wa Chakula

Istilahi hii hutumiwa kwa maana mbili. Yupo anayeitumia kumaanisha chakula kisicho na sumu wala vijidudu, na yupo anayemaanisha watu wote kupata chakula cha kutosha wakati wote. Maana hii ya pili ndiyo iliyosisitizwa katika Mkutano wa Kilele wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996. Wenzetu wa Tanzania hutumia pia 'uhakika wa chakula', na naona tungefaidika kulikubali neno hilo kwa maana ya pili, tukauachia 'usalama' maana ya kwanza.

4.3 Mabadiliko ya Hali ya Hewa

'Hali ya hewa' ni ya leo na kesho. 'Tabianchi' ni mwenendo wa miaka mingi. Mfugaji akiambiwa kuwa hali ya hewa inabadilika atacheka, kwa sababu hali ya hewa haijawahi kuacha kubadilika. Akiambiwa kuwa tabia ya nchi yenyewe imegeuka, ataanza kuhesabu. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Neno 'tabianchi' limeshajengwa vyema kwa mofimu zetu wenyewe. Kinachobaki ni kulitumia.

4.4 Fahirisi

Bima ya Marsabit huitwa kitaalamu 'bima ya mifugo inayotegemea fahirisi'. 'Fahirisi' ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na kwa msomaji wa kawaida ni orodha ya yaliyomo kitabuni. Mfugaji asiye na kitabu hana pa kulishikia neno hili. Atakachokishika ni 'bima ya mifugo', na maneno hayo yatamwambia kwamba mnyama akifa atalipwa. Siku mnyama atakapokufa kwa kuliwa na fisi, naye asilipwe, atasema ametapeliwa. Hatakuwa amesema uongo kwa mujibu wa lugha aliyouziwa bima hiyo.

Napendekeza bima hii iitwe 'bima ya malisho'. Jina hili ni fupi, linaeleweka na linasema kweli kuhusu kinachopimwa. Huenda ikadaiwa kwamba malisho ni ya jamii nzima, na mtu hawezi kukatia bima kitu kisicho mali yake. Pingamizi hili lina uzito kisheria. Hata hivyo, mkataba unaweza kubaki na jina lake rasmi huku muuzaji akitumia jina linaloeleweka. Vilevile, ile tofauti kati ya kilichopimwa na setilaiti na hasara halisi ya mfugaji yafaa ipewe jina, tuseme 'pengo la kipimo', na itajwe kabla ya mtu kulipa ada, si baada ya kulalamika.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kwa wakazi wengi wa Marsabit, wawe Waborana, Wagabra, Warendille au Wasamburu, Kiswahili ni lugha ya pili. Kiswahili kizito kinaweza kuwa ukuta uleule tunaoulaumu Kiingereza kuujenga.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa kati ya utafiti mzuri na mfugaji anayenufaika nao kuna daraja la lugha. Wanauchumi wamefanya sehemu yao: wamepima majani kutoka angani na kuhesabu milo jikoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakuwa na maana iwapo mkataba wa bima hauwezi kueleweka chini ya mgunga.

Nawahimiza wanafunzi wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu wazichunguze pia matini za aina hii: mikataba, matangazo ya redio, vijitabu vya wauzaji. Ndani yake mna wahusika, mna ahadi, na mna msomaji anayeweza kupoteza ng'ombe wake kwa kutoelewa neno moja. Walimu wetu nao watuongoze katika kazi hiyo, kwani ufa tunauona na ukuta bado haujaanguka.