Mchanga Chini ya Mteremko: Majeraha Yanayojificha kwa Mwendesha Baiskeli wa Milimani

Utangulizi

Baiskeli ya milimani imeundwa kwa ajili ya njia zisizo na lami. Ina tairi pana zenye meno, breki zenye nguvu na, mara nyingi, shokapu za mbele zinazopunguza mitikisiko. Mchezo wa kuiendesha ulipata umbo lake katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana waliteremka njia za vumbi za Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani walizozifanyia marekebisho. Mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Katika Afrika Mashariki, Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, nchini Kenya, inajulikana kwa kuwaruhusu wageni kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyamapori, juu ya udongo wenye asili ya volkano.

Hata hivyo, njia ya mchanga na mawe si mali ya wanamichezo peke yao. Mwanafunzi, fundi na mchuuzi wa maziwa katika maeneo makavu ya Dodoma, Singida na Shinyanga huvuka makorongo ya mchanga kwa baiskeli za kawaida, wakiwa na mizigo na pasipo kofia ngumu. Makala haya yanaeleza kwa nini mchanga humwangusha mwendeshaji, ni majeraha yapi hujificha baada ya kuanguka, na nini mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kufanya.

Jinsi mchanga unavyomwangusha mwendeshaji

Mvua inaponyesha, maji husomba mchanga kutoka juu ya mteremko na kuuacha pale yanapopungua kasi, yaani chini bondeni, kwenye kivuko cha korongo au kwenye kona. Kwa sababu hiyo, mchanga mzito humngojea mwendeshaji mahali ambapo kasi yake ni kubwa kuliko kwingine kote. Ikumbukwe pia kwamba kasi inapoongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Nishati hiyo yote hupaswa kuishia mahali fulani. Wakati wa kuanguka, sehemu yake huishia mwilini.

Gurudumu la mbele likiingia mchangani huzama na kupunguza mwendo ghafla, ilhali mwili unaendelea mbele. Mwendeshaji aliyeshikwa na hofu hufanya mambo matatu kwa pamoja: hukaza mikono, huinama mbele na hubana breki ya mbele. Yote matatu huhamishia uzito kwenye gurudumu lile lile linalozama. Matokeo yake, ama baiskeli hupinduka na kumrusha mwendeshaji juu ya usukani, ama gurudumu hupinda upande na ncha ya usukani humkita tumboni.

Namna ya kuanguka huashiria majeraha ya kutafutwa. Aliyerushwa mbele hutanguliza kiganja, bega au kichwa. Aliyeangukia usukani huumia tumbo. Hivyo basi, swali la "Unaumwa wapi?" halitoshi, mhudumu aulize pia "Ulianguka vipi?"

Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 15 aliyeanguka kwenye kivuko cha korongo. Aliinuka, akajipangusa mchanga, wenzake wakacheka, naye akaendesha baiskeli hadi nyumbani. Jioni alihisi maumivu kidogo ya tumbo, na mama yake akaona alama ya mviringo, ndogo kama sarafu, chini ya mbavu za kushoto. Wakaenda zahanati. Shinikizo la damu lilikuwa 110/70 na mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na maumivu lakini hakikuvimba sana. Kijana mwenyewe alisema hana shida, ila kichwa kinamuuma kidogo.

Mhudumu anayetazama shinikizo la damu peke yake atamruhusu kijana huyu arudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Hata hivyo, dalili zake zinaelekeza kwenye majeraha matatu, na kila moja lina tabia ya kujificha.

Jeraha la kwanza: tumbo lililokitwa na usukani

Ncha ya usukani ni ndogo, kwa hiyo hukusanya nguvu yote mahali pamoja. Ngozi hunyumbuka na huweza kubaki nzima, lakini viungo vilivyo nyuma yake hubanwa dhidi ya uti wa mgongo. Wengu, ini, kongosho na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba ndivyo huwa hatarini zaidi. Watoto na vijana huumia kwa urahisi kwa kuwa misuli ya tumbo lao ni myembamba.

Dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi na hata siku kadhaa. Jeraha la kongosho hasa huweza kuuma mwanzoni, likatulia, kisha maumivu yakarudi pamoja na kutapika. Aidha, mwili wa kijana hulinda shinikizo la damu kwa kubana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo. Shinikizo huanguka baadaye, damu nyingi ikiwa imekwisha kupotea. Kwa hiyo mapigo 118 kwa kijana aliyetulia kitandani hayapaswi kupuuzwa. Maumivu ya bega la kushoto ambalo halikugongwa nayo huweza kuwa ishara ya damu iliyovuja kutoka kwenye wengu na kusisimua kiwambo cha chini ya mapafu.

Kipimo cha utrasaundi husaidia kuona damu tumboni, lakini majibu mazuri hayaondoi wasiwasi wote, kwa kuwa kongosho hukaa nyuma ya viungo vingine na jeraha lake huweza lisionekane. Alama ya usukani tumboni pamoja na maumivu au mapigo ya haraka ni sababu tosha ya rufaa kwenda hospitali yenye huduma ya upasuaji. Kabla ya safari mgonjwa asile wala asinywe, awekewe njia ya mshipa, na mapigo yake yapimwe tena na tena.

Jeraha la pili: mfupa mdogo wa kifundo cha mkono

Anayeangukia kiganja kilichonyooshwa huweza kuvunja skafoidi, mfupa mdogo ulio upande wa kidole gumba. Huo ndio unaovunjika mara nyingi zaidi kati ya mifupa minane midogo ya kifundo. Mkono huweza usivimbe sana, na picha ya kwanza ya eksirei huweza isioneshe ufa. Mgonjwa huambiwa ameteguka, akafunga bandeji, akaendelea na kazi.

Hatari yake inatokana na mpangilio wa damu. Sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu huingia kutoka upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea mkononi. Ufa ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kufa, mfupa usiunge, na miaka michache baadaye kifundo kikawa na maumivu ya kudumu. Kwa seremala, mshonaji au mkulima, hayo ni maumivu ya kila siku ya kazi.

Mhudumu abonyeze kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba kinaponyooshwa, abonyeze pia uvimbe mdogo wa mfupa upande wa kiganja, kisha asukume kidole gumba kwa upole kuelekea kifundo. Maumivu katika sehemu hizo yahesabiwe kuwa mvunjiko hata kama picha ni safi. Kifundo kifungwe plasta ngumu na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mgonjwa anayeelezwa sababu ya kurudi atarudi. Asiyeelezwa huona amepotezewa muda.

Jeraha la tatu: mtikisiko wa ubongo

Wengi hudhani kwamba asiyezimia hakuumia ubongo. Dhana hiyo si sahihi: wengi wenye mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, huwa wazito kujibu, husahau tukio, au huchukia mwanga na kelele. Anayeshukiwa asiendelee kuendesha siku hiyo, kwa maana akianguka mara ya pili akiwa katika hali hiyo madhara huweza kuwa makubwa zaidi.

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja iwapo atatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yatazidi, atapata degedege, atachanganyikiwa, ataishiwa nguvu upande mmoja, mboni za macho zitatofautiana ukubwa, usingizi utakuwa mzito usioamshika, au majimaji meupe au damu yatatoka puani au masikioni. Asiye na dalili hizo apumzike kwa saa 24 hadi 48 akiwa na mtu wa kumtazama, kisha arejee shughuli zake hatua kwa hatua. Kwa maumivu, parasetamoli hupendekezwa katika siku za mwanzo badala ya aspirini, ambayo huweza kuongeza uvujaji wa damu.

Majeraha mengine

Mtulinga huvunjika mara nyingi kwa anayeangukia bega, na kwa kawaida sehemu ya katikati. Walio wengi hupona kwa kutundika mkono shingoni, ingawa kwa mtu mzima huchukua takriban wiki 6 hadi 12. Ngozi iliyoinuliwa na ncha ya mfupa, mkono wenye ganzi au baridi, au kupumua kwa shida ni sababu za rufaa.

Michubuko yenye mchanga ioshwe kwa maji safi mengi hadi punje zote zitoke; zikibaki huleta maambukizi na alama nyeusi za kudumu. Majivu na unga wa betri visipakwe. Kinga ya pepopunda ikaguliwe. Kwa jeraha chafu, aliyekamilisha chanjo lakini amepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho huhitaji dozi nyingine; asiyekamilisha au asiyejua historia yake huhitaji chanjo, na huenda pia dawa ya kingamwili.

Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole kinachofuata, baada ya safari ndefu, hutokana na usukani kubana neva ya alna kwenye kiganja. Kwa kawaida hupungua kwa kupumzika, kubadili mshiko na kuvaa glovu nene. Udhaifu wa vidole unaoendelea uchunguzwe.

Kinga

Mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kufika mchangani, asisubiri mpaka awe ndani yake. Akisha kuingia, auache usukani uteleze kidogo mikononi mwake, asogeze uzito nyuma kiasi, atazame mbali, akanyage pedeli kwa mwendo usiobadilika na aepuke kukata kona kali au kubana breki ya mbele. Kupunguza upepo wa tairi kidogo huongeza eneo linalokanyaga mchanga, hivyo gurudumu halizami sana. Kwenye mteremko mkali wa mawe, pedeli ziwe sambamba na ardhi na kiti kishushwe. Ncha za usukani zifunikwe daima. Bomba lililo wazi hukata kama kisu. Kofia ngumu ivaliwe na kufungwa, na iliyokwisha kugongwa kwa nguvu ibadilishwe.

Asiyeijua njia ateremke na kuivuka kwa miguu kwanza.

Hitimisho

Kijana wa mfano wetu alistahili mambo matatu jioni ile: rufaa kwa ajili ya tumbo, plasta kwa ajili ya kifundo, na mtu wa kumtazama usiku kwa ajili ya kichwa. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mashine ya gharama ili kulifikiria. Linalohitajika ni kumvua shati na kumtazama, kubonyeza mahali panapostahili, kuhesabu mapigo na kumuuliza alianguka vipi. Mgonjwa naye asione haya kusema kwamba usukani ulimgonga, hata kama alikwisha kuinuka na kucheka pamoja na wenzake.